Picha za Wachumba Zinapotangulia Matangazo ya Ndoa

Katika parokia nyingi za mijini nchini Tanzania, na sasa hata za vijijini, habari ya vijana wawili kutaka kufunga ndoa haisikiki tena kwanza kanisani. Inatangulia katika simu. Kabla katekista hajaandika majina yao, kabla Paroko hajaketi nao kwa mahojiano, ndugu na marafiki wamekwisha kupokea picha: kijana na binti wamesimama ufukweni jua likitua, mavazi yao yamelingana rangi, na mkono wenye pete umewekwa kifuani ili uonekane vizuri. Picha hizo huhamia kwenye kadi za michango na za mwaliko, kwenye mabango ya ukumbini, na katika video inayoonyeshwa usiku wa sendofu na wa harusi.

Kupiga picha za wachumba kumekuwa kazi inayowapatia vijana wengi riziki halali, wakiwemo vijana wa parokia zetu, na wapo wanaojifunza ufundi huo kwa bidii kubwa. Makala hii haikuandikwa ili kuwalaani wao wala wateja wao. Furaha ya watu wawili waliopatana ni jambo jema, na jema lastahili kumbukumbu. Hata hivyo, Taifa la Mungu linao wajibu wa kujiuliza picha hizi zinasema nini juu ya uchumba, na zinawafanyia nini wachumba wenyewe.

Kutoka ukuta wa sebule hadi mtandao

Picha ya wawili si jambo geni kwetu. Baada ya uvumbuzi wa Daguerre kutangazwa mjini Paris mwaka 1839, upigaji picha ulienea upesi katika miji ya bandari. Zanzibar ilipata studio zake katika nusu ya pili ya karne ya 19, na miongoni mwa waliozifungua walikuwemo watu wenye asili ya Goa, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na vizazi kadhaa vya wakazi wa visiwani vilipita mbele ya kamera yake.

Wazee wetu wengi wanayo picha ya namna hiyo: bwana ameketi, bibi amesimama pembeni na mkono wake uko begani mwa mumewe, nyuma kuna pazia, na hakuna anayetabasamu. Ukakamavu huo ulirithiwa kwa sehemu kutoka siku za kamera za mwanzo, ambazo zilimtaka mtu atulie kwa muda mrefu ili sura yake isipate ukungu. Picha yenyewe ilikuwa moja tu. Ilitiwa katika fremu, ikatundikwa sebuleni, na aliyeiona alikuwa amekaribishwa nyumbani.

Leo picha ni mamia, na anayeziona hahitaji kukaribishwa. Zamani picha ilihifadhi jambo lililokwisha kutimia, yaani ndoa iliyofungwa. Siku hizi inatangaza kwa umma jambo ambalo bado linaandaliwa. Badiliko hilo ni kubwa kuliko badiliko la kamera.

Kujifunza kuwaona watu wawili

Anayeanza kujifunza kazi hii kwa kawaida huanza kwa kunakili. Hutafuta mtandaoni picha za wachumba wa nchi za mbali, kisha huwapanga wateja wake vilevile: paji la uso kwa paji la uso, binti amebebwa juu juu, kijana amepiga goti. Mara nyingi matokeo huwa watu wawili wenye haya, mabega yamepanda, wakitazama upande walioambiwa watazame.

Mafunzo ya kweli huanza kwenye mwanga. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua la mchana husimama juu ya kichwa na kutia vivuli machoni, hivyo mpiga picha mwenye busara huwapeleka wachumba kwenye kivuli kipana cha mti au baraza, au huwaalika asubuhi na mapema, au jioni kabla jua halijazama. Jioni yetu ni fupi, na mwanga ule laini wa rangi ya dhahabu haudumu sana, kwa hiyo maandalizi yote yafaa yakamilike mapema. Hujifunza pia kwamba gauni jeupe au ukuta mweupe huidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi, na nyuso za watu weusi zikatoka zimefifia. Dawa yake ni kupima mwanga wa nyuso kwanza, si wa nguo. Hujifunza tena kwamba tundu la lenzi likifunguliwa mno, uso mmoja utaonekana wazi na mwingine utaingia ukungu, endapo mmoja amesimama nyuma kidogo ya mwenzake. Picha ya wawili yataka wote wawili waonekane.

Baada ya mwanga yanafuata maumbile ya mwili. Anayesimama akiwa ameuelemea mguu mmoja huonekana ametulia kuliko aliyesimama wima kama askari. Mikono isiyo na kazi huleta wasiwasi, basi ipewe kazi: kushika kikapu, kurekebisha ukosi wa shati, kushikana. Wachumba wakiambiwa watembee polepole huku wakisimuliana siku walipokutana, nyuso hubadilika zenyewe, na mpiga picha hubaki na kazi ya kungoja. Mwalimu mzuri humfundisha mwanafunzi wake kuelekeza kwa maneno, wala asimguse mteja bila kumwomba ruhusa. Humfundisha pia kumtazama yule aliye kimya zaidi kati ya wawili hao, kwa kuwa mara nyingi huyo ndiye anayepelekwa asikotaka.

Msomaji atatambua kwamba ufundi huu, ukifundishwa vema, ni shule ya heshima. Kamera inamdai mtu amwangalie mwenzake kwa subira, jinsi alivyo. Tatizo huanza pale picha inapodaiwa ionyeshe kisichokuwapo: gari la kukodi linalosimama mahali pa maisha ya wawili hao, nyumba ya kuazima inayoitwa mwanzo wa maisha, au mikao ya chumbani inayowaonyesha kana kwamba wamekwisha kuwa mume na mke. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2350, inawaita wachumba kuishi usafi wa moyo katika kujizuia, na kuutazama muda huo kama wakati wa kugundua kuheshimiana na kujifunza uaminifu. Picha inayowavisha haki ambazo bado hawajapeana mbele ya Mungu haisemi kweli juu yao, hata kama mwanga wake ni mzuri kiasi gani.

Uchumba ni njia yenye mlango wa kutokea

Kanisa linafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuziba nafasi ya ridhaa hiyo (Kanuni ya 1057). Kwa sababu hiyo Sheria ya Kanisa, katika Kanuni ya 1062, haimruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa kudai kwamba ndoa hiyo ifungwe kwa lazima. Anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata, iwapo anastahili. Kwa namna inayofanana, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi kudai fidia mahakamani, bila kumlazimisha mwingine kuoa au kuolewa. Maana ya mambo haya ni moja: mpaka siku ya kiapo, mlango uko wazi.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alilisema jambo hili bila kuficha. Katika namba 209 anaeleza kwamba maandalizi mema huwasaidia wachumba kuyatambua mapema matatizo na hatari, hata kufikia hekima ya kuachana pale inapoonekana wazi kwamba kuendelea kutaleta kushindwa na maumivu. Katika namba 212 anasikitika kwamba shughuli za mavazi, wageni na mambo madogo madogo huwamaliza wachumba nguvu na fedha, wakaifikia siku ya harusi wakiwa wamechoka.

Kanisa lenyewe huchukua tahadhari katika kuuadhimisha uchumba. Kitabu cha Baraka, kilichotolewa Roma mwaka 1984, kina ibada ya kuwabariki wachumba, lakini kinaagiza kwamba baraka hiyo isiunganishwe na Misa, ili waamini wasiichanganye na Sakramenti ya Ndoa. Ikiwa Mama Kanisa anajizuia namna hiyo, yafaa nasi tujiulize kwa nini uchumba wetu unapambwa kwa ishara za harusi miezi mingi kabla ya harusi.

Hapa ndipo matangazo ya ndoa yanapotufundisha. Jina la kijana na la binti husomwa mbele ya waamini ili, kama kuna anayejua kizuizi, aseme. Tangazo la kanisani linaomba ukweli. Tangazo la mtandaoni linaomba pongezi. Binti aliyepokea mamia ya pongezi, ambaye wazazi wake wamekwisha kugawa kadi za michango zenye sura yake, atapata wapi ujasiri wa kusema amegundua kwamba mchumba wake ana hasira za mikono? Kijana aliyegundua kwamba hayuko tayari atamwambia nani, wakati bango limekwisha kuchapwa? Hatusemi kwamba picha ndiyo inayowalazimisha. Aibu ndiyo inayolazimisha, na picha zilizotawanywa huilisha aibu hiyo.

Mtakatifu Yosefu, mchumba mwenye haki

Injili ya Mathayo inatuonyesha mchumba mmoja aliyepatwa na mashaka mazito kabla hajaishi pamoja na mchumba wake. Kabla malaika hajamfunulia fumbo la Mungu katika ndoto, Yosefu, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haki, hakutaka kumfedhehesha Maria mbele ya watu. Aliazimia kuachana naye kwa siri. Haki yake ilijidhihirisha katika kulinda jina la mwingine.

Je, wachumba wa leo wakiachana, nani atalinda majina yao? Picha iliyosambaa haikusanyiki. Itaonekana siku binti huyo atakapochumbiwa na mwingine, na siku kijana huyo atakapopeleka barua ya posa nyumba nyingine. Ndiyo maana ridhaa ya kuzichapisha ina uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaitambua ridhaa ya mhusika kuwa msingi muhimu wa kutumia taarifa zake, na mpiga picha anayeiweka sura ya mteja katika ukurasa wake wa biashara bila kumwuliza anamnyang'anya kitu ambacho hakukinunua.

Mambo machache ya kutenda

Kwa wachumba: pigeni picha, na zipokeeni kwa furaha. Zihifadhini nyumbani, waonyesheni wazazi na jamaa wa karibu, na kuzitangaza kwa umma kungojee angalau mpaka mafundisho ya ndoa yamekamilika na matangazo yamesomwa. Kiasi cha fedha kisiwe sababu ya kukopa au ya kuahirisha Sakramenti. Tunazo familia nyingi zilizokaa miaka bila ndoa ya Kanisa kwa kuogopa gharama za sherehe, na baadaye zikabarikiwa katika ndoa za pamoja parokiani. Hatuna haja ya kuongeza gharama nyingine kwenye orodha.

Kwa wapiga picha: andikishianeni kwa maandishi picha zipi zinaweza kuonyeshwa, wapi, na lini, pamoja na namna zitakavyoondolewa uchumba ukivunjika. Mmoja wao akisitasita mbele ya mkao fulani, mkao huo uachwe. Wala kanisa lisigeuzwe studio: Kanuni ya 1210 inataka mahali patakatifu patumike kwa yale yanayokuza ibada, uchaji na dini, hivyo ruhusa ya Paroko itangulie.

Kwa wazazi na kamati za harusi: msiifanye picha kuwa pingu. Mwulizeni kijana wenu faraghani, kadi zikiwa zimekwisha kuchapwa, kama bado anataka. Akijibu kwamba hataki, michango itarudishwa, kadi zitatupwa, na aibu itapita. Ndoa iliyofungwa kwa kuogopa aibu huacha jeraha kubwa zaidi, na wachungaji na mabaraza ya Kanisa yanayoshughulikia ndoa wanalijua jeraha hilo.

Kwa parokia: somo moja katika mafundisho ya wachumba lizungumzie picha na mitandao, na katika somo hilo aalikwe mpiga picha Mkristo anayeifahamu kazi yake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, alifundisha kwamba maandalizi ya ndoa huanza utotoni, yakaendelea katika ujana, na kukamilika karibu na harusi. Katika hatua hiyo ya mwisho wachumba wetu hutumia jioni nyingi mbele ya kamera. Watengewe pia jioni moja bila kamera, waketi na wanandoa wakomavu wa jumuiya yao ndogo ndogo, waulize wanayoogopa kuuliza, na wajibiwe kwa ukweli.