SOKETI ZA SIMU BOTINI SI ANASA

Ndugu wanaushirika,

Wapo wenzetu wanaosema kufunga soketi za USB kwenye boti ya ushirika ni anasa ya vijana. Sisi tunakataa. Simu ikizimika, wavuvi wetu wataita msaada kwa kitu gani? Kwa mluzi? Habari za upepo na mawimbi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa watazipata wapi?

Lakini tunakataa pia mtindo wa sasa: kila mtu na waya wake, anaubana kwenye betri, basi. Huo si ujanja, ni kuchezea roho za watu. Betri yetu ni ya volti 12. Simu ya kawaida huchajiwa kwa volti 5, na soketi ya USB ndiyo inayopunguza. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kupiga shoti, unawaka. Na botini kuna petroli! Tena betri ikinyonywa usiku kucha, alfajiri mashine haiwaki.

Kwa hiyo ushirika ununue soketi moja ya matundu mawili, yenye mfuniko wa kuzuia maji ya chumvi. Fyuzi ikae karibu na betri, upande wa chanya. Iwepo swichi, izimwe boti ikitia nanga. Afunge fundi, si mjuaji. Na atakayewatoza wenzake hela za kuchaji ni mnyonyaji: betri ni ya wote.

Mkutano ujao tuamue. Tusinung'unike vichochoroni.

Katibu