Fataki za sikukuu Fizi: sheria ianze na nani?

Amri ya kupiga marufuku fataki ni rahisi kutoa. Inataka karatasi, muhuri na redio ya kuisoma. Kuitekeleza katika kijiji kama Swima, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, ni kazi nyingine kabisa. Polisi wana uwezo mdogo, vijana wengi hawana shughuli, na bunduki ziko mikononi mwa watu wengi wasio polisi.

Suala hili linaweza kuonekana dogo katika wilaya ya Fizi, Kivu Kusini, ambako vita na ukimbizi vimeshika nafasi ya kwanza. Lakini kwenye mwambao huu mlio wowote wa usiku una uzito wake.

Makobola iko kaskazini mwa Swima, kwenye barabara hiyohiyo. Huko na katika vijiji jirani, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010. Miaka 12 baadaye, usiku wa Mwaka Mpya wa 2011, askari wa jeshi waliivamia Fizi mjini na kuwabaka wanawake wengi, baada ya mwenzao aliyempiga raia risasi kuuawa na umati. Februari ya mwaka huo, mahakama ya kijeshi iliyohamia Baraka kwa muda ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20.

Kwa familia zenye kumbukumbu hizo, mwisho wa mwaka ni wakati wa sherehe na pia wa maombolezo. Fataki inayolipuka saa nne usiku inaweza kumfanya mama abebe watoto na kukimbilia ziwani kabla hajauliza ni nini. Kwa hiyo hoja ya kuzidhibiti ina msingi. Linalobaki ni kuamua nani azidhibiti, kwa njia gani, na nani aguswe kwanza.

Polisi wenye mikono mitupu

Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inaipanga Polisi ya Taifa ya Kongo kama chombo cha kiraia chenye jukumu la kulinda watu na mali zao. Vijijini, jukumu hilo linakutana na uhaba wa magari, mafuta, redio za mawasiliano na mishahara ya kutosha. Hali ilizidi kuwa ngumu Kivu Kusini baada ya waasi wa M23 kuitwaa Bukavu Februari 2025, na kisha kuingia Uvira Desemba 2025 kabla ya kutangaza kuondoka. Kituo kidogo cha polisi hakiwezi kufanya kazi vizuri ikiwa ngazi za juu yake zinahamahama.

Afisa anayepewa amri bila vifaa huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha amri ibaki karatasi. Ya pili ni kumkamata aliye karibu na asiye na nguvu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa miaka 13 mwenye fataki mfukoni. Mtoto huyo akiwekwa mahabusu, kasho kama wanavyosema wenyeji, mzazi atatafuta pesa za kumtoa. Hapo marufuku inakuwa chanzo cha mapato, na watu wanazidi kuwaogopa polisi ambao wangepaswa kuwapelekea taarifa.

Wakati huohuo, mtu mzima anayefyatua risasi hewani kwa furaha au kwa ulevi anaachwa, kwa kuwa ana silaha na pengine ana kundi nyuma yake. Lakini Kongo ina sheria ya silaha na risasi tangu tarehe 3 Septemba 1985, na risasi iliyopanda lazima ishuke mahali fulani. Utekelezaji unaomkamata mtoto na kumpita mwenye bunduki hauwezi kuheshimiwa na mtu yeyote Swima.

Njia ambayo tayari iko katika sheria

Kongo haihitaji sheria mpya ili kumshughulikia kijana bila kumfunga. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai. Kwa mwenye miaka 14 hadi kabla ya 18, hakimu wa watoto anaweza kumkanya, kumrudisha kwa wazazi au kumweka chini ya uangalizi. Sheria hiyo inaruhusu pia usuluhishi kati ya mtoto, familia yake na aliyeathirika, isipokuwa kwa makosa mazito.

Kikwazo ni umbali. Baraka na Uvira zinatenganishwa na takriban kilomita 90 za barabara mbovu, na Swima iko katikati ya miji hiyo. Ndiyo maana hatua za mwanzo zina maana kubwa: afisa kumwita mzazi, kuandika jina kwenye daftari, kumwachia mtoto na kuwashirikisha shefu wa kijiji, kanisa au msikiti katika kumkanya. Haya hayahitaji gari wala kasho.

Faida yake inapita suala la fataki. Makundi yenye silaha yamekuwa yakiandikisha watoto Fizi kwa miaka mingi, ingawa sheria hiyohiyo ya 2009 inakataza. Kijana aliyepigwa na kutozwa pesa kituoni ana sababu moja zaidi ya kuona kwamba heshima hupatikana porini.

Aanze muuzaji

Bidhaa ndogo nyingi za mwambao huu hufika kwa maboti kutoka Kigoma ng'ambo ya ziwa, au kwa barabara kupitia Uvira. Ukaguzi bandarini na kwa wauza jumla, wiki chache kabla ya Krismasi, unahitaji maafisa wachache kuliko msako wa usiku mitaani. Uganda nayo ilijifunza kwa uchungu kwamba wenye wajibu mkubwa ni watu wazima. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walikufa katika msongamano Freedom City, Kampala, walipokuwa wakikimbilia kutazama fataki. Aliyefikishwa mahakamani alikuwa mwandaaji wa tamasha.

Mpangilio unaofaa Fizi ungefuata ngazi hiyo. Wa kwanza awe mfyatua risasi, na kwake jeshi na viongozi wa makundi yanayojiita Wazalendo wawajibike kwa watu wao, kwa kuwa polisi peke yao hawawezi. Wa pili awe muuzaji. Mtoto awe wa mwisho, naye apelekwe kwa mzazi.

Msimamizi wa wilaya au meya wa Baraka akitaka kutoa marufuku, kuna jambo la kuandika kabla ya adhabu: polisi hawaruhusiwi kupokea faini mkononi, wala kumlaza mtoto kasho kwa sababu ya fataki. Bila sentensi hiyo, usiku wa sikukuu Swima utabaki na milio ileile, pamoja na wazazi wanaotafuta pesa za kuwatoa watoto wao.