Neno "Au" katika Aljebra

Wapo wasomi, tena wenye vyeo, wanaodai ya kwamba Kiswahili chafaa kwa utenzi, kwa hotuba na kwa soko, walakini kikifika mlangoni pa aljebra hakina budi kuvua viatu na kungoja nje. Dai hili limerudiwa mara nyingi hata likachukuliwa kuwa hoja. Njia ya haki ya kulipima si kushindania hadhi ya lugha, bali kuchukua kipande kimoja cha hisabati, kidogo lakini chenye miiba, na kutazama ugumu wake umekaa wapi. Kipande kifaacho ni mlinganyo wa kipeo cha pili ambao umekwisha kuandikwa kwa vigawo vyake.

Na utazamwe huu: (x − 3)(x + 5) = 0. Machoni pana alama tupu, na alama hazina kabila. Lakini anayeufumbua hatumii alama peke yake, atumia sentensi. Moyoni mwake husema hivi: zao la namba mbili likiwa sifuri, basi mojawapo ya namba hizo ni sifuri, kwa hiyo x − 3 ni sifuri, au x + 5 ni sifuri, basi x ni 3 au −5. Iondoe "-ki-" iliyomo katika "likiwa", liondoe "basi", liondoe "au", nayo hoja yote yaanguka kama nyumba iliyong'olewa nguzo. Na maneno hayo hayakutungwa na kamati yoyote ya istilahi. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili anayo kabla hajajua kushika kalamu.

Tena lugha hii yaweza kupambanua jambo ambalo wanafunzi wengi hulichanganya. Majibu ni 3 na −5. Lakini x ni 3 au −5. Sentensi zote mbili ni sahihi, na tofauti yao ni kiunganishi kimoja. Aandikaye ya kuwa x ni 3 na papo hapo x ni −5 amesema muhali, maana hakuna namba iliyo namba mbili. Kosa hilo halirekebishwi kwa kuzidisha mazoezi hamsini. Hurekebishwa kwa kumwambia asome kwa sauti alichokiandika, kwa lugha ambayo masikio yake huweza kusikia upuuzi.

Sasa sifuri iondolewe, iwekwe 9: (x − 3)(x + 5) = 9. Aliyekariri hatua bila sentensi ataandika mara moja x − 3 = 9, au x + 5 = 9, apate 12 na 4. Hapo pana mtego wa ajabu, kwa sababu 4 ni jibu la kweli: 1 mara 9 ni 9. Bali 12 huleta 9 mara 17, yaani 153. Mwanafunzi amepata nusu ya majibu kwa bahati, na msahihishaji mwenye haraka aweza kumpa nusu ya alama kwa ujinga kamili. Njia iliyo sawa ni kufungua mabano, kuileta ile 9 upande wa pili, na kutafuta vigawo upya: x² + 2x − 24 = 0, ambao ni (x + 6)(x − 4) = 0. Majibu ni 4 na −6. Kwa nini sifuri yakubali kutenganishwa na 9 haikubali? Kwa sababu 9 huweza kuzaliwa na 1 na 9, au 3 na 3, au nusu na 18, au −9 na −1, pasipo kikomo. Sifuri haizaliwi ila pale ambapo mmoja wa wazazi ni sifuri. Maelezo hayo ni ya Kiswahili cha kila siku, na hakuna aliyehitaji kamusi.

Zaidi ya hapo kuna balaa la "kukata". Katika x(x − 3) = 2x mwanafunzi hukata x kwa x, abakiwe na x − 3 = 2, aandike 5, na kufurahi. Jibu la pili, sifuri, limekufa mkononi mwake. Alichokifanya kwa hakika ni kugawa kwa x, na kugawa kwa x huruhusiwa maadamu x si sifuri. Vivyo hivyo sehemu ambayo kiasi chake ni x² − 9 na asili yake x − 3 hurahisishwa kuwa x + 3, maadamu x si 3; pale x ikiwa 3, sehemu ile haina maana yoyote, ijapokuwa x + 3 yatoa 6. Uhai wa jambo umo ndani ya "maadamu".

Nchini Tanzania shule nyingi za msingi zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba mtoto hukutana na mlinganyo huu katika siku zile zile anapoanza kupapasa viunganishi vya lugha ngeni. "Au" yake, "ikiwa" yake na "maadamu" yake hunyang'anywa wakati anapozihitaji mno, kisha husemwa hana kichwa cha hesabu.

Watetezi wa Kiingereza wangefaa kuikumbuka historia ya Kiingereza. Al-Khwarizmi alipoandika Baghdad katika zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala 813 hadi 833, kitabu kilichoipa aljebra jina lake, hakutumia alama hata moja. Alitumia maneno ya Kiarabu. Mlinganyo tunaouandika leo x² + 10x = 39 aliufumbua kwa sentensi, akapata 3. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145. Robert Recorde alipoandika aljebra kwa Kiingereza mwaka 1557, wasomi wa Ulaya waliheshimu Kilatini. Na humo ndimo alimoitoa alama ya usawa, apate kupumzika na kurudia maneno yale yale. Hata kazi ya Mwingereza Thomas Harriot, iliyoonyesha jinsi milinganyo inavyoundwa kwa kuzidisha vigawo, ilichapishwa kwa Kilatini mwaka 1631. Kumbe Kiingereza nacho kilingojeshwa mlangoni.

Lakini wapenzi wa Kiswahili nao wasijipongeze mapema. Wengi wao hudhani kazi imekwisha pindi "kigawo", "kipeuo" na "mlinganyo" vikishaingia katika orodha. Orodha haifundishi. Mwalimu asemaye "kata hapa, hamisha pale, geuza alama" amefundisha kwa Kiswahili ububu ule ule. Basi mwenye kubisha, wa upande wowote, na alipeleke swali moja darasani, (x − 3)(x + 5) = 9, awatake wanafunzi waeleze kwa sentensi kamili, kwa Kiingereza kwanza na kwa Kiswahili baadaye, kwa nini 12 si jibu; kisha azisome karatasi zote mbili kabla ya kuandika makala nyingine.