Rangi ya Mchoro ni Sehemu ya Hoja

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huhariri tahajia kwa makini, ilhali michoro yetu huiachia tarakilishi. Huko ni kughafilika. Katika ramani ya lahaja, rangi ndiyo inayotenga Kiamu na Kimvita; ikigeuka mchoro unapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, hoja nayo hupotoka.

Chanzo cha hitilafu hii ni tofauti ya mifumo. PowerPoint huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, yaani RGB. Illustrator hukubali mfumo huo, lakini pia ule wa wapiga chapa, CMYK, unaochanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Mchoro wa RGB ukitiwa katika faili ya CMYK, rangi kali za buluu na kijani hufifia, kwani wino hauwezi kuzitoa. Kuurejesha katika RGB hakufufui kilichopotea.

Kwa hivyo, mchoro wa wasilisho na uundwe katika faili ya RGB tangu mwanzo, kisha usafirishwe kwa SVG badala ya kunakiliwa na kubandikwa. Ule wa PowerPoint uhifadhiwe kama PDF kabla ya kufunguliwa katika Illustrator. Nakala ya CMYK itengewe mpiga chapa pekee.

Hata hivyo, rangi isibebeshwe mzigo wote. Majina ya lahaja yaandikwe juu ya ramani yenyewe, maana makala mengi huishia kutolewa nakala zisizo na rangi. Anayetetea usanifu wa lugha hana budi kutetea pia usahihi wa picha inayoishuhudia.