DENI LISEMWE MBELE YA WATU



Sisi tunaosoma chini ya Mlima Meru tumezoea kupita penye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Arusha, hata bendera zake hatuzitazami tena. Lakini yafaa tujiulize: nyumba ile huendeshwa kwa fedha za nani, na fedha zikikosekana huumia nani?

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa sahihi hapa Arusha tarehe 30 Novemba, 1999. Uliweka kwamba nchi wanachama zichangie sawasawa, kubwa kwa ndogo. Bajeti hujadiliwa na kupitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, ambalo kila nchi hulipelekea wabunge 9 wa kuchaguliwa. Hapo sina neno. Taabu huja baadaye, kwa maana Bunge laweza kupitisha bajeti, lakini haliwezi kumlipisha mtu. Mara nyingi michango huchelewa, na kazi hulala.

Tuseme shule ina mabweni manane, kama nchi za Jumuiya zilivyo nane leo. Yote yamekubali kuchanga fedha za mipira. Bweni moja halitoi. Kamati inakaa kuamua adhabu, lakini sharti lake ni kwamba wote wakubali, na mwenye deni yumo kikaoni. Nani atakubali kujihukumu? Ndivyo ilivyo katika Jumuiya. Ibara ya 143 ya Mkataba inawapa Wakuu wa Nchi uwezo wa kumchukulia hatua asiyelipa, lakini maamuzi yao ni kwa kauli moja. Ni kweli Ibara ya 146 inaruhusu kuisimamisha nchi isiyotimiza ahadi zake za fedha kwa miezi 18, na hapo sauti yake haihesabiwi. Lakini hilo ni shoka, na watu wazima hawakimbilii shoka kwa ndugu yao. Basi deni hubaki pale pale.

Ndiyo sababu nasema wafanyabiashara waingie katika jambo hili. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1997, na ofisi yake iko hapa hapa Arusha. Wakubwa wake hukutana na wabunge na mawaziri, nao hulalamikia vikwazo vya mpakani. Wana haki. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Mwezi Machi, 2021, Kenya nayo ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikalegeza amri kwa masharti. Mkulima hawezi kupanga shamba lake kwa amri za namna hiyo.

Lakini malalamiko hayo na deni ni jambo moja. Ipo sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kodi. Ni nani atakayeisimamia ikiwa nyumba yenyewe haina fedha za kuendesha vikao? Mfanyabiashara anayemwuliza mbunge habari za lori lake lililozuiliwa, asiondoke kabla ya kumwuliza pia: Je, nchi yetu imelipa?

Wako watakaosema kwamba matajiri hutafuta faida yao tu, wasipewe nafasi ya kuwasemesha wabunge. Hofu hiyo nami naiheshimu. Dawa yake ni mkutano wa wazi, kwa Kiswahili, ambamo muuza vitunguu wa soko la Kilombero na mama anayevusha mboga Namanga watakaa kiti kimoja na mwenye kiwanda. Hapo orodha ya madeni isomwe kwa sauti, nchi kwa nchi. Wengine watasema nchi nyingine ni maskini mno kutoa sawa na jirani. Ikiwa ni hivyo, iseme wazi na kipimo kibadilishwe kwa mashauri. Kunyamaza na kutolipa si mashauri.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Jumuiya ya kwanza ilianza mwaka 1967, na makao yake yalikuwa hapa Arusha. Mwaka 1977 ilikufa. Mkataba wa 1999, katika utangulizi wake, unataja sababu za kifo kile, na moja ni kwamba wafanyabiashara na wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Wazee wetu waliandika onyo hilo ili tulisome. Ajuaye ugonjwa ulioua baba yake, halafu akakataa dawa, atamlaumu nani?

Wazazi wetu mlio wakulima na wachuuzi, wabunge wale 9 ni wa kwenu pia. Waulizeni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne