Kikapu Kinachopika



Mtoto akizaliwa, nyumba hujaa furaha na wageni. Wote waja kumtazama mtoto. Wachache humtazama mama yake. Siku chache zikipita, bibi arudi kwake, na yule aliyejifungua juzi ameinama tena mbele ya mbabula, mtoto mgongoni, akipepea makala. Na baba je? Ameketi nje, angoja chakula.

Sitawashutumu wengine nikajiacha mwenyewe. Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, nami niliketi hivyo hivyo, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Jioni moja mke wangu aliniletea maharagwe, akasema kwa upole: «Baba, wewe kula. Mimi nimechoka hata kutafuna.» Neno hilo lilinichoma moyo. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Yatupasa kujua kwamba mama anyonyeshaye ahitaji chakula kingi kuliko alipokuwa na mimba. Na mtoto, katika miezi 6 ya kwanza, chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Basi sufuria ya mama ndiyo sufuria ya mtoto.

Kuna njia ya kupika polepole, isiyodai mtu akae motoni. Si jambo jipya: katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867 watu walionyeshwa chombo cha namna hiyo kilichotoka Norvege. Sisi twaweza kukitengeneza kwa kikapu. Twaa kikapu kikubwa, ukitandike majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, chini na pande zote, unene wa kiganja. Shona na mto wa matambara wa kufunika juu.

Usiku, loweka vikombe 2 vya maharagwe. Asubuhi mwaga maji yale, tia maji mapya vikombe 6, uyachemshe kwa nguvu muda wa nusu saa. Usiruke hatua hii, maana maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu ya kutapisha. Kisha funika sufuria vizuri, uitie kikapuni ingali ikitokota, uizibe kwa mto, wala usiifunue. Sufuria iwe karibu kujaa, kwani chakula kidogo hupoa upesi. Baada ya muda wa saa 5 au 6, irudishe motoni, tia nyanya, kitunguu, chumvi na mafuta ya mawese, ichemke tena mpaka yalainike kabisa. Nyanya usizitie mapema. Huchelewesha maharagwe kulainika.

Nyama iliyokatwa vipande vidogo hupikwa vivyo hivyo: ichemke kwanza nusu saa, na kabla ya kuliwa ichemke tena. Lakini sombe isiingie kikapuni. Hiyo itwangwe, kisha ichemke motoni muda mrefu bila kifuniko, sumu yake ipate kutoka.

Iko faida nyingine, tena kubwa. Wengi huingiza mbabula chumbani, wapate kupika na kumpasha mtoto joto pamoja. Msifanye hivyo kamwe! Makala yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Yaweza kuwaua mama na mtoto usingizini. Kikapu hakina moto wala moshi, nacho chaweza kukaa karibu na kitanda.

Sasa, ninyi akina baba, kazi hii yote ya asubuhi haizidi saa moja. Ifanyeni kabla ya kwenda kazini. Nanyi wanafunzi wenye mdogo mchanga nyumbani, chagueni maharagwe na kuteka maji jioni, pasipo kungoja kuagizwa.

Alipozaliwa mtoto wetu wa pili, jirani walinicheka waliponiona nimeshika mwiko. Nikawaacha wacheke. Mchana mke wangu alifunua kikapu, akala akashiba, kisha akalala pamoja na mtoto.