Siku Kumi na Nne Baada ya Gereza

Mtazame kijana anayetoka gerezani Keko, Dar es Salaam, asubuhi. Nguo ni zile alizoingia nazo, mfukoni hana kitu, na huko Manzese mama yake hajui amfungulie mlango au kwanza afiche redio. Wanaomngoja kwa furaha ni wenzake wa maskani. Hao ndio watakaompa chai, sigara, na ikifika jioni, kete moja ya unga wa heroini ya kumkaribisha uraiani.

Kete hiyo ndiyo inayoniumiza roho. Mwili wa mraibu huuzoea unga hadi ukastahimili kipimo ambacho kingemwua mtu mwingine. Akikaa miezi bila kuupata, ustahimilivu ule huondoka, lakini hamu hubaki. Akitoka hurudia kipimo chake cha zamani; pumzi hufifia, na alfajiri wenzake humkuta amekwisha kuwa wa baridi. Mtaani watasema kajitakia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani katika jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Wiki mbili tu!

Na tiba tunayo. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa mbadala ya unga, zikafuata hospitali za Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto, yale mateso ya kukosa unga, inatulia, naye anaweza kwenda kuosha magari au kubeba mizigo sokoni. Zipo pia soba hausi, nyumba za kuwasaidia wanaoacha dawa, Bara na Zanzibar, nyingi zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Lakini nyingi hutegemea ada ya familia. Mama muuza vitumbua ataitoa wapi?

Tumewaachia wafadhili mzigo wa tiba hii kwa muda mrefu mno. Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mraibu hawezi kusimamisha arosto hata siku mbili.

Wapo watakaouliza kwa nini kodi yao imtibu aliyewang'olea vioo vya gari. Ni swali la haki, la mtu aliyeibiwa. Lakini mwizi huyo tunamlipia tayari: polisi wa kumkamata, hakimu wa kumhukumu, ugali na maharage yake, askari wa kumlinda usiku. Kisha tunamwacha getini peke yake, na akikamatwa tena tunaanza kulipa upya. Fedha yote hiyo haijamponya yeye wala kuvilinda vioo vyetu.

Ninachodai ni fungu dogo, tena la Serikali yetu wenyewe. Mhudumu wa afya amwone mfungwa kabla hajatoka. Jina lake litangulie kliniki iliyo karibu na kwao. Apewe nauli ya daladala ya kwendea dawa kila siku, maana wengi huishindwa dawa ya bure kwa kukosa nauli. Asiye na pa kulala alipiwe kitanda soba hausi. Na asubuhi ile pale getini, awepo mtu aliyepona wa kumpokea, afike kabla ya wale wa maskani.

Waheshimiwa wabunge, mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Fungu hilo litajwe kwa jina na kwa shilingi zake kabla hamjaondoka Dodoma.